Nguzo za Futi Kumi na Tano

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na mtaani walimwita Nukta. Jina alipewa na mafundi wenzake. Dirisha likizidi kipimo hata kwa unene wa ukucha, alilirudisha mezani akalikata upya, mteja akisubiri amenuna. "Limezidi nukta," angesema, na hapo hata ungemletea askari asingelitoa.

Tulizaliwa sita, tukabaki wawili, mimi wa kwanza na yeye kitinda mimba. Mama alipofariki, huyu alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Nilimlea mimi. Nilimvisha, nikampeleka shule, nikamchapa alipostahili, na mara mbili tatu ambapo hakustahili. Nikisema kaa, alikaa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akauliza kwa nini mwanamume mzima, mwenye mke na mtoto, alinitii katika jambo la kazi yake mwenyewe.

Nyumba ni yangu. Miaka ishirini na miwili nilifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na kila shuka lilikuwa tofali. Ilikuwa nyumba ya kwanza mtaani kwetu kuwa na baraza la saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na ya kwanza kupakwa rangi nyekundu juu ya paa. Watu wakielekeza wageni walisema, "Ukiliona paa jekundu, pinda kulia." Muulize mtu mzima yeyote.

Kando ya nyumba palikuwa na uwanja mpana, hauna kitu ila majani. Nilimpa mdogo wangu ajenge karakana, maana alikuwa akichomea pembeni mwa barabara, na mvua ikinyesha anaifunika mashine kwa turubai na kukaa juu yake kama kuku anayeatamia.

Alipanga miezi minne. Alipigilia vigingi, akavuta kamba, akaipima mistari ya pembe kwa pembe mpaka ikalingana. Mchoro aliuchora nyuma ya kalenda ya zamani: nguzo sita za chuma, kenchi za chuma juu yake za kubebea paa, mabati pande tatu, na mlango mpana unaotazama barabara. Kisha akaenda kwa tajiri mmoja mwenye malori tisa, akapanda juu ya lori na tepu yake. Lori likiwa na bodi na vyuma vya kushikia turubai lilikuwa na futi kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo nguzo zikawa za futi kumi na tano.

Yule tajiri alikuwa amemwahidi mbele yangu. "Fundi, wewe pata paa la kulaza lori langu lisinyeshewe. Bodi zote tisa ni zako kuzitengeneza."

Dirisha hubaki ukutani, na aliyelitengeneza hajulikani. Bodi ya lori ni habari nyingine. Fundi huandika jina lake kwa rangi nyuma kabisa, nalo husafiri, likasomwa na watu asiowajua katika miji asiyowahi kufika. Mdogo wangu hakuwa mtu wa maneno, lakini jioni ile alikula akiwa amesimama.

Basi, nguzo zikaja. Akasimamisha ya kwanza kwa kujaribu, akaiegemeza kwa magogo. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele. Nikainua macho, nikaiona imelipita paa langu.

"Hiyo ni nini?"

"Nguzo, dada."

"Naona ni nguzo, sijapofuka. Nauliza inafuata nini huko juu?"

"Lori, dada. Lori ni refu."

"Kwa hiyo kibanda cha mabati kinichungulie nyumba yangu utosini kama jirani mmbeya? Watu waulize paa jekundu liko wapi, waambiwe liko nyuma ya bati?"

Mke wake alijaribu. "Wifi, na bati nalo si tunaweza kulipaka rangi nyekundu?"

Nilimtazama. Akakumbuka ana sufuria jikoni.

"Zisivuke ukingo wa paa langu," nikasema. "Futi kumi zinatosha."

"Kwa futi kumi lori haliingii, dada."

"Basi walete linalojua kupiga magoti."

Nilicheka mwenyewe, nakumbuka. Yeye aliitazama nguzo, akaitazama nyumba, akanitazama mimi. Nilingoja abishe. Laiti angebisha! Pengine ningemfokea, nikalala nayo, nikaamka nimelegea. Lakini nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

"Sawa, dada."

Kesho yake alizikata zote sita, futi tano kila moja, bila kumwita mtu wa kumshikia. Cheche ziliruka mpaka barazani kwangu. Vile vipande hakuvitupa. Alinichomea miti ya kuanikia nguo, akaipaka rangi, nami nikamshukuru. Nilimshukuru, fikiria.

Alijaribu kuokoa alichoweza. Alichimba sakafu ishuke futi tatu ili kimo kirudi kwa chini. Mvua ya kwanza ikalijaza shimo, vyura wakahamia. Akalifukia. Kisha akapanga kumweleza tajiri kwamba angezitengeneza bodi vipande vipande ndani, aviunganishe nje siku za jua. Alikuwa anatafuta namna ya kuanza hayo maneno pale tajiri alipomtangulia.

Alikuja asubuhi na lori lenyewe, lililo kubwa kuliko yote, akipiga honi toka kona. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Lori likarudi nyuma kuelekea mlangoni, dereva akaona kwenye kioo, akafunga breki. Tajiri akashuka. Akatazama mlango, akatazama lori, akatazama mlango tena.

"Fundi, mimi nina malori. Hili banda umejengea mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Na seremala, jirani na rafiki yake wa siku zote, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Nukta, imekuwaje? Si ulilipima lori lenyewe?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika tepu. Hakugeuza hata shingo kunitazama, na mimi nilikuwa barazani, hatua kumi tu kutoka alipo.

"Nilikosea vipimo," akasema.

Neno lilinifika kooni. Nalijua lilivyokuwa, lilikuwa fupi tu: ni mimi. Lakini watu walikuwa kama ishirini, na nilikuwa nimevaa vizuri. Nikaingia ndani kutazama chai ambayo sikuwa nimeiweka motoni.

Tajiri alipeleka malori yake kwa fundi mwingine. Wale wa kijiweni wakaliacha jina la Nukta, wakamwita Futi Tano, kwa vile vipande walivyoviona vimesimama uani kwangu vimebeba nguo. Hilo lingevumilika, utani ni utani. Kilichonichoma ni kwamba wateja walianza kuja na tepu zao. Unamwona mtu ameletewa kitanda, kabla hajakishika anatoa tepu mfukoni, anapima mbele ya fundi, na fundi amesimama pembeni kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Kila mara kipimo kilikuwa sawa. Na kila mara walipima. Miaka thelathini na mmoja ya madirisha, vitanda na mageti, chini ya bati fupi lenye joto la kukausha mate.

Wanasema ukubwa jaa, kila taka hutupwa kwa mkubwa. Kwetu mdogo ndiye aliyekuwa jaa, na mtupaji ni mimi.

Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu, kwa mwanga ule wa kuchomea, akaamua kufunga. Mafundi wazee wakaja siku moja mchana kuchagua vifaa. Seremala akainua mashine ya kukatia chuma, akaipuliza vumbi.

"Jamani, si ndiyo hii iliyokula futi tano?"

Wakacheka, na mdogo wangu akacheka nao. Mimi nikasimama. Magoti siku hizi yanataka kuombwa, lakini nilisimama.

"Hakukosea," nikasema. "Nguzo zilikuwa za futi kumi na tano. Mimi ndiye niliyemkatisha, zisilipite paa langu. Alisema uongo kunificha, na mimi nikanyamaza."

Niliona seremala amefungua mdomo. Mdogo wangu akapapasa hewani mpaka akanipata bega.

"Msimsikilize dada," akasema kwa upole. "Umri huo. Siku hizi anachanganya mambo. Nilikosea mwenyewe, wote mlikuwepo."

Wakapumua. Mmoja akanisogezea kiti.

Walipoondoka nilimuuliza kwa nini amefanya vile, mimi ambaye sijasahau hata tarehe.

"Dada, mimi wamenicheka siku zote, nimezoea. Wewe hujawahi kuchekwa. Ungeanzia wapi sasa, na magoti hayo?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa seremala, peke yangu, kwa miguu. Alifuta kigoda kwa mkono wa shati lake, akanikalisha. Nikamweleza tena toka mwanzo: kalenda, nguzo, futi tano, maneno aliyoyasema wifi yangu, yote kwa utaratibu wake. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza.

"Ndiyo, mama. Ni kweli kabisa, mama. Umekunywa chai lakini?"

Kwa jinsi alivyokubali haraka, nilijua hakuamini hata neno moja.