Mto wa Pili

Usinitazame hivyo. Ungenijua, usingesema nimetunga. Mimi ndiye yule mwanamke wa Mwanga, hapa Kigoma, anayegombana na mafundi rangi mpaka nusu ya soko inasikia, na mtu akinisimulia habari za mashetani nilikuwa namcheka waziwazi. Lakini hili limenikuta mwenyewe, jua likiwa ndiyo kwanza linazama na akili zangu zikiwa timamu.

Kazi yangu ni kupendezesha nyumba za watu: rangi, mapazia, taa, kabati likae wapi, kitanda kielekee wapi. Wapo wanaodhani ni kazi ya kubandika maua ya plastiki ukutani. Haya, waache wadhani. Tajiri mmoja alinunua nyumba kuukuu ya ghorofa kule Ujiji, zile zenye kuta nene za udongo, ambazo ukiingia saa sita mchana unasahau kama nje kuna jua. Alitaka igawanywe iwe fleti za kupangisha. Tena alitaka dari ya jipsamu na taa za rangirangi kama ukumbi wa harusi! Nikamwambia, bosi, ukiziba boriti hizi mimi naondoka. Tulivutana weee, mwisho akachoka yeye. Boriti zikabaki, kuta nikazipaka chokaa, na madirisha yanayotazama ziwa nikayaacha na mbao zake za zamani.

Fleti ya juu ilipokamilika, akataka picha za tangazo. Chumba kitupu hakimvutii mpangaji, kwa hiyo nikakijaza kama kina watu. Nikapanga sahani mezani, nikaweka kandambili kando ya kitanda, na kitanda nikakitandika shuka jeupe lililopigwa pasi.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Bibi yangu, Muha wa Kidahwe, alikuwa akisema nyumba iliyokaa bila watu huombewa dua kwanza, ndipo kitanda kitandikwe. Ukitangulia kutandika, kitanda kinamngoja mtu, na atakayekuja humchagui wewe. Mafundi wangu walilijua hilo. Walikiunga kitanda vizuri, lakini shuka hawakuligusa hata mmoja. Mimi nikaona ni mambo ya wazee. Siku hiyo ilikuwa Jumatano; dua ilipangwa Ijumaa, na mpiga picha anakuja Alhamisi asubuhi. Ningoje Ijumaa kwa ajili ya shuka?

Na kabla sijaendelea, nikwambie jambo moja ili unielewe. Niliachika zamani, mtoto sina. Mimi ninayetandika vitanda vya watu, changu mara nyingi kimejaa nguo nilizoanua, najibanza pembeni nalala. Nilikuwa nimezoea, au nilijidanganya nimezoea.

Basi, nimepiga magoti nachomeka pindo la shuka, nikasikia nyuma yangu, "Pole na kazi."

"Nishapoa," nikajibu bila kugeuka, nikidhani ni fundi. Ngazi ile ya mbao hulia hata paka akipanda, na siku hiyo haikulia. Hilo nililikumbuka baadaye.

Nilipogeuka nilimwona mwanamume wa rika langu, kavaa kanzu nyeupe, kasimama karibu na dirisha. Alikuwa na sura ya upole, kama mtu aliyetoka safari akafika kwao salama. Alinukia kitu kitamu chenye ubaridi ndani yake. Harufu nilikuwa naijua, ila sikukumbuka ya wapi. Nikasema huyu ni mpangaji, nikaanza kumsifia boriti zangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umekula?"

Amini usiamini, machozi yalinilenga. Ni nani aliwahi kuniuliza hivyo kazini? Watu huniuliza rangi itakauka lini. Nikamwambia sijala. Nikamwambia nimechoka, mgongo unauma, na nikirudi nyumbani hakuna wa kumwambia kwamba unauma. Mimi, na mdomo wangu huu, niliongea kama mtoto anayewasemea wenzake kwa mama yake. Hakunikatiza hata mara moja.

"Umetandika vizuri," akasema. "Nimengoja sana mtu atandike. Mto wa pili uko wapi?"

Kweli, mto wa pili ulikuwa bado kwenye mfuko wa nailoni. "Uweke," akasema taratibu, "kisha ukae. Hutarudi tena kwenye chumba cha peke yako."

Ndipo nikamtazama sawasawa. Alikuwa amesimama kati yangu na dirisha, na bado nililiona ziwa. Nililiona lote, na mtumbwi mmoja ukirudi. Nikajua huyu si mtu. Ungefikiri ningepiga kelele? Wala. Nilijua kabisa kwamba nikiuweka mto ule sitashuka ngazi zile tena, na mkono wangu ukaenda kwenye mfuko. Nikautoa mto, nikaukumbatia. Nilitaka kukaa. Wallahi nilitaka.

Chini kulikuwa na Mama Daforoza, mlinzi wa nyumba, mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, nikamsikia akiita, "Mwanangu wee! Unaongea na nani huko juu?"

"Usimwitikie," yule mwanamume akasema. Hakuamuru. Aliomba, kwa sauti ya mtu anayejua ataachwa.

Sikuamua chochote, nakwambia ukweli. Nililelewa kwamba mkubwa akikuita unaitika, na malezi yana nguvu kuliko moyo. Kinywa kilijibu chenyewe: "Abee, mama!"

Nilipofumba na kufumbua, nilikuwa peke yangu. Shuka nililolinyoosha lilikuwa limebonyea upande mmoja, umbo la mtu aliyelala, na upande wa pili ulikuwa haujaguswa.

Mama Daforoza alipanda akihema, akanusa, akashika kichwa, akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mana yanje! Nani kaleta karafuu maiti humu?" Hapo nikaikumbuka ile harufu. Ndiyo iliyokuwa kwa baba yangu siku tuliyomzika.

Alilivuta shuka lote, akalitupa sakafuni, ndipo akanieleza. Mtoto wa wenye nyumba wa zamani alitandikiwa kitanda cha harusi katika chumba hicho. Akavuka ziwa kwenda Kongo kuchukua vitenge vya bibi harusi, na wakati wa kurudi ziwa likamchukua. Mwili ulipopatikana waliulaza humohumo chumbani. Kitanda kikafunguliwa, na toka hapo hakuna aliyetandika kingine.

Dua ilisomwa. Leo inakaa familia moja pale, watoto wanarukaruka juu ya kitanda, hawajaona kitu, na mimi nawaombea wasione. Aliyebaki na shida ni mimi. Kuna mwalimu alinichumbia, mtu mzuri, hana neno. Siku moja akanikuta dukani nikichagua vitambaa, akaniambia "pole na kazi," nikaangua kilio mbele ya wateja. Maskini, akadhani kanikosea. Nikamkataa, na sababu sikumpa, maana ningesema nini? Jioni nyingine napanda bodaboda mpaka Ujiji, najidai nakagua mapazia. Nakaa dirishani mpaka mama wa familia ile anaanza kunishangaa. Lakini yeye haji.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayehamia nyumba kuukuu: anza na dua, shuka litafuata. Na wa kuogopa si yule anayekutisha, huyo utamkimbia tu. Mwogope anayekuuliza kama umekula. Mama Daforoza analijua jina la yule mwanamume. Mara mbili ametaka kuniambia, na mara zote nimeziba masikio, kwa sababu najijua: nikilijua, nitamwita.