Udhu Nilioutia Kioto

Matembezi yangu ya siku moja Kioto, huko Japani, yalinigharimu salamu za watu kumi na mmoja. Nimewahesabu, nikawarudia tena, na wote wanakaa Temeke na Kinondoni, kwa hiyo siendi sokoni ila nanyamaziwa. Aibu ni yangu, naikiri mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Salumu, maana yeye huiongezea chumvi (na iliyomo inatosha).

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mtia makaa tanurini katika meli ya mizigo, na sie wa Dar es Salaam tulikuwa kumi na watatu. Tulipofunga gati bandari ya Kobe, serahangi, mkuu wetu wa mabaharia, akapanga: leo tushuke wawili, mie na Salumu wa Kinondoni, kesho washuke kumi na mmoja waliobaki.

"Wenyeji wakileta neno lolote juu yenu," akasema, "kesho hashuki mtu."

Tukapanda treni mpaka Kioto, tukaingia mtaa wa kale, vichochoro vya mawe vinavyopanda mlima, nyumba za mbao zimebanana kama watu wanaosikiliza umbea, taa za karatasi milangoni. Mtu mmoja akajitolea kututembeza. Nikamtajia nusu ya bei yake, akainama, nikampunguzia tena, akainama zaidi, nikamwambia Salumu, "Huyu tumemweza." Kufumba na kufumbua, kashakata kona.

Basi tukaenda wenyewe. Adhuhuri ikatukuta kwenye lango la nyumba yao ya ibada, na hapo langoni pana birika la jiwe, maji yanatiririka, kata zimepangwa juu yake. Sasa mtu aliyelelewa msikitini Temeke aambiwe nini tena? Maji ya bure, nami nina sala ya kuswali pembeni. Nikavua kofia nikaitundika, nikavua viatu, nikanawa mikono, nikasukutua, nikaosha uso na mikono mpaka viwiko, nikapaka maji kichwani, kisha mguu wa kulia nikautumbukiza birikani kama tufanyavyo kwetu.

"Bwana we," Salumu akasema, "mbona wenzio wananawa mikono tu?"

"Hao wavivu."

Watu wakasimama. Nikadhani wanastaajabia udhu uliotimia, nikaingiza na wa kushoto, polepole, wapate kujifunza.

Akaja mzee mtunza mahali na ndoo. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha, kwani kwetu mtu akifoka unajua umesimama wapi. Aliinama, akayachota maji yote, akayamwaga, akaanza kulisugua jiwe. Foleni ikafika kwenye ngazi, na katikati yake bibi harusi, nguo nyeupe juu mpaka chini, anasubiri maji safi, hanitazami.

"Tukimbie," Salumu akanong'ona. Tukakimbia, viatu mkononi.

Jioni wenzetu walikuwa wanapiga pasi suruali za kesho, mie nawasimulia vichochoro tu, mara yule mzee akatokea gatini. Kofia yangu (jina la meli limeshonwa mbele) ameileta, imefuliwa, imefungwa kitambaa. Serahangi akamwita mkalimani wa bandarini ili amshukuru.

"Anasemaje?"

"Anaomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Kwamba hapakuwa na mahali pa mgeni kuoshea miguu, ikambidi aingie kwenye maji ya ibada."

Serahangi akanigeukia.

"Mzee," nikasema, "hilo si lalamiko, ni radhi."

"Hashuki mtu."

"Basi washuke sita."

"Hashuki mtu."

"Wanne, mzee wangu, wale watu wazima."

Pasi zikapoa. Kesho yake kumi na mmoja wakaegemea ukingo wa meli, wakaitazama milima ya Japani kutwa nzima.

Tangu hapo siingii mahali pa watu bila kuuliza. Lakini wale kumi na mmoja wanataka siku yao. Niliwapeleka Gongo la Mboto na pilau, wakala, wakasema hapana mlima wala taa za karatasi. Basi nyie mnaojua mambo, siku ambayo mtu hakuiona hulipwaje? Nishaurini. Na kama ina bei, nitajieni mie kwanza, msianze na wao.