Uji wa Mbegu za Pamba

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa hapa Rumonge, mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walipoamuru kila nyumba ya kando ya ziwa ipande pamba. Alizaliwa na sauti kubwa na njaa kubwa zaidi, nami sikuwa na maziwa. Ananyonya, anaachia, analia, nami nalia naye. Mume wangu akaona heri ashinde ufukweni akianika ndagala, maana samaki hawalii.

Mama mkwe, mzaliwa wa Ujiji, hakubabaika.

"Kwetu mzazi aliyekaukiwa hupikiwa mbegu za pamba," akaniambia.

"Tutazipata wapi, mama? Pamba yenyewe hatujapanda."

"Na ule mfuko pale mlangoni?"

Mfuko huo uliletwa na askari wa boma, akatuonya kwamba mbegu ni mali ya serikali. Mama mkwe akachota tele, akazikaanga, akaanza kutwanga uani huku akiimba. Hapo ndipo askari yule yule alipoingia, amekuja kutazama kama tumeshalima.

"Unatwanga nini, mama?"

"Dawa."

Akachungulia kinuni. "Hizi si mbegu za serikali?"

"Na mtoto huyu si wa serikali? Akikua si mtamtoza kodi? Basi mlisheni!"

Nilijifunika uso kwa kaniki, nikingoja kiboko. Badala yake nikasikia kicheko. Askari alicheka mpaka akaketi kizingitini, kisha akashusha sauti.

"Mke wangu naye amejifungua. Kutwa ni kilio."

"Anayelia nani, mke au mtoto?"

"Wote wawili."

Mama mkwe akamfungia unga wa mbegu katika jani la mgomba, akamweleza namna ya kuuchemsha, kuuchuja na kupikia uji wa mtama. Askari akauficha ndani ya tarbushi, akaondoka shingo wima kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Uji ule ulinukia kama karanga zilizoungua kidogo. Niliunywa asubuhi na jioni, bila kubakiza. Haukupita muda, asubuhi moja nikaamka nguo imelowa kifuani. Mama mkwe alipiga vigelegele hata majirani wakaja mbio, wakidhani nimezaa tena. Mtoto alinyonya mpaka akasinzia, maziwa yakimchuruzika kidevuni.

Mume wangu alirudi ananuka ndagala, akasimama mlangoni kwa hofu.

"Mbona kimya hivi?"

Tulitaka kumjibu, lakini kicheko hakikuturuhusu.