Sinema Dirishani kwa Mwalimu

Juzi nilirudi kijijini kwetu Kibirichia tukabomoa jiko la nyanya yangu. Dari ya miti iliyokuwa juu ya mafiga ilipoanguka, masizi ya miaka mingi yalitumwagikia, nami nikamkumbuka mwalimu, jirani yetu.

Alikuwa amekwenda Moscow kusomea utengenezaji wa sinema. Aliporudi hakukuwa na kazi ya aina hiyo, akafundisha jiografia. Aliishi peke yake. Alichorudi nacho ni mkanda mmoja, kipande cha sinema ya zamani isiyo na sauti, ambayo Wasovieti na Wamongolia waliitengeneza pamoja. Wasovieti walileta kamera, alitusimulia, na Wamongolia wakaleta farasi na hadithi. Wachungaji ambao hawakuwahi kuona sinema waliigiza maisha yao wenyewe.

Projekta hakuwa nayo. Jumamosi, tukishamaliza kuchagua viazi, sisi watoto tulikwenda kwake, mikono ikinuka udongo, naye akaunyosha mkanda kwenye mwanga wa dirisha. Tuliona mtu mdogo kama punje ya mchele juu ya farasi, picha baada ya picha. Rafiki yangu alilalamika kwamba farasi hasogei.

"Atasogeaje na wewe umemzibia njia?" mwalimu akamwambia, akauvuta mkanda.

Majirani walimcheka: kwenda kote huko, kurudi na utepe.

Mvua ya masika ilipoanza, paa lake likavuja, akamwomba nyanya amwekee mkanda mahali pazuri. Nyanya aliuweka darini, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, kwani hapo moshi hukinga kitu cha thamani na wadudu. Mwalimu alipoufuata, ulikuwa umejikunja na kushikana kwa joto. Alijaribu kuufungua, ukakatika.

"Niliuweka na mbegu, Mwalimu," nyanya alisema.

"Najua, mama. Hata mama yangu angeuweka hapo hapo."

Aliendelea kutusimulia bila mkanda. Kisha Jumamosi moja alinyamaza katikati, akatuuliza kama farasi yule alikuwa mweupe au mweusi. Kila mmoja wetu alijibu lake, kwa uhakika. Alitutazama mmoja mmoja, akasema twende nyumbani, mvua inakuja. Nje jua lilikuwa kali. Hakusimulia tena.

Mwalimu tulishamzika, na wenzangu wa dirishani wametawanyika. Nimeitafuta sinema ile kwenye simu, nikatazama farasi wengi wa Mongolia, weupe kwa weusi. Huenda yule ni mmoja wao. Jina la sinema hakututajia, nasi hatukuuliza.