Gari Jeupe Nyuma ya Banda

Asubuhi za mtaani kwetu siku hizi huanza kimya. Zamani, kabla chai haijachemka, ungesikia nyundo ikigonga chuma, kisha kikohozi cha injini, kisha sauti ya Fundi Nafuu akiibembeleza: "Haya mama, amka. Amka basi." Banda lake bado lipo. Mabati yamelegea, na udongo wa mlangoni mpaka leo unanuka mafuta machafu.

Jina la Nafuu alipewa na wateja. Mtu akitoka gereji kubwa ya barabarani na bei ya kumtoa machozi, alikuja kwake, na aliondoka akiendesha. Siri ya unafuu huo ilikuwa nyuma ya banda: gari jeupe lililopandishwa juu ya mawe. Alilinunua bovu mwaka aliooa, akamwahidi mkewe kwamba ndilo litakalompeleka kwa mama yake, juu milimani, safari ya kutwa nzima. Lakini kila alipokuja mteja aliyekwama, Fundi alizunguka nyuma, akarudi na kitu kimefunikwa tambara. Leo alternata, kesho rejeta.

"Nimeazima tu," alisema. "Nitarudisha."

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na kila tambara lilipita mbele ya macho yake.

"Mume wangu, lile ni gari au duka la vipuri?"

"Ni gari. Limepumzika."

"Limepumzika mpaka limeota majani. Mimi nitapanda basi niende kwa mama."

"Basi? Na gari ninalo? Mama mkwe atauliza binti yake kaolewa na nani!"

Basi hakulipanda. Alivumilia, maana aliupenda moyo uleule uliokuwa ukimnyima safari.

Mama mkwe alipoanza kuugua, Fundi alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alirudisha kimoja kimoja, mpaka siku moja gari jeupe likanguruma. Tulitoka nje, wengine na miswaki mdomoni. Muuza mkaa, mwanamume mzima na ndevu zake, akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi. Mke wa Fundi akapiga pasi gauni, akafunga begi. Wangeondoka Jumamosi.

Alhamisi akaja jirani yao muuguzi, gari lake likivutwa kwa kamba. Giaboksi ilikuwa imekufa, na gereji kubwa walitaka kumwekea mpya.

"Shemeji, kwa bei yao heri nilizike gari lenyewe. Na hospitali nitafikaje zamu za usiku?"

Fundi aliifungua. Meno yalikuwa yamesagika, hayakuwa na dawa. Aliitazama kwa muda, kisha akageuza macho nyuma ya banda. Magari yale mawili yalikuwa ya aina moja.

"Usifanye hivyo," mkewe alisema kutoka barazani, bila kuinua uso.

"Wiki moja tu, mke wangu. Nitapata nyingine, twende zetu."

Cherehani ikanyamaza. Haikusikika tena siku ile.

Simu ilikuja Jumatatu: mama amefariki. Muuguzi alikuja mbio, funguo mkononi. "Dada, ingia. Nakupeleka mimi."

Wakaenda kwa gari lile lililotengenezwa kwa nafuu. Fundi alikaa nyuma, mikono mapajani. Milima ilipoanza, gia ziliingia laini, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeisifu kazi. Mpaka leo tunajiuliza kwa nini siku ileile gari la muuguzi lilipopona hakuna aliyemwomba safari hiyohiyo. Angekataaje? Lakini Fundi alizoea kutoa. Kuomba hakuwahi kujifunza.

Matanga yalipokwisha, mkewe alibaki.

"Sikufukuzi," alimwambia. "Ila sina hamu ya kurudi kuyatazama yale mawe."

Fundi akarudi peke yake. Wateja walikuja, aliwasikiliza, akazunguka nyuma kama kawaida yake, akarudi mikono mitupu. Kabla ya mvua alifunga banda, akatuachia gari jeupe na nyasi zake.

Sasa anaishi kule milimani na mkewe, katika nyumba ya marehemu mama mkwe, na kazi yake ni kutengeneza mashine za kusaga nafaka. Alikwenda kwa basi.