Sahani Niliyomnyima Kocha Omwenga

Watu wa Point, mtaa wetu hapa Durban, wananiuliza: Bibi Godelive, yule Kocha Omwenga alijua kuchagua wachezaji, au alibahatisha tu? Nitasema. Shule niliiacha mapema, lakini kupima mtu ninajua, na huyu nimempima mpaka mwisho.

Alikuwa Mkenya, Mkisii, mwembamba, mpole wa sauti. Alikuja Durban kusoma, akabaki kufundisha timu ya wasichana ya kachuo fulani huko Westville. Jumamosi alishuka na kigari chake mpaka kwenye nyasi za karibu na bandari, ambako mabinti zetu wa Congo wanacheza, akasimama peke yake nyuma ya goli. Mpira hakuuangalia. Aliangalia msichana akiangushwa: anainuka vipi, anamtazama nani. Jicho alikuwa nalo. Hilo simnyimi, mimi si mwongo.

Lakini kazi yake kubwa aliifanyia mezani. Mwaka 2012 alikuja kwangu kumtaka mjukuu wangu Laurette, golikipa. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa, akapanda ngazi zote, akafika anatabasamu. Nikampikia bugali wa mihogo, sombe ya majani yake, na ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Akala, akaomba tena.

"Mama, hii ugali ni kama ya nyumbani kabisa."

"Ya kwenu iko na mihogo?"

"Kwetu ni mahindi, Mama. Lakini leo nimehama."

Tukacheka. Akanawa mikono, akasema Laurette ni wake, Januari anaingia, karo juu ya chuo. Bon, sawa. Kwetu Uvira mtu akija kuomba binti, akala chakula cha nyumba, ameshafunga neno. Basi Laurette akaiambia timu ya Umlazi iliyokuwa inamngojea: asanteni, nimepata kwingine. Wakachukua mwingine.

Januari ikafika, kimya. Simu haipokei. Siku moja kanisani Sesilia wa South Beach akaniambia Omwenga alikula kwake pia, kwa ajili ya nafasi ile ile ya golini. Tukaulizana na wamama wengine. Nyumba tano! Golini anakaa mtu mmoja! Alimchukua msichana mrefu wa Pinetown, na sisi hakutuletea hata neno la pole. Laurette akagawa glavu zake kwa watoto wa jirani, akaingia saluni kusuka nywele.

Hapo nikaapa kumlipiza Omwenga, peke yangu, jikoni. Kanisani nisingeweza, Mungu angenizuia.

Nikangoja. Mwaka uliofuata akamtaka Carmel, binti ya Julienne, jirani yangu wa jengo, mshambuliaji ambaye hata madereva wa taxi walisimama kumwona. Timu ya Omwenga ilikuwa haifungi magoli, na wakubwa wa chuo wameshamwambia: bila mshambuliaji, usahau kazi. Julienne hana mume hapa wala mkubwa wa ukoo. Akaniomba nikae kama mkubwa wa nyumba siku ya kocha.

"Nitakaa," nikamwambia. "Wewe pika. Pika samaki na vitunguu, harufu ifike kwenye ngazi. Lakini usipakue mpaka niseme."

Omwenga akaingia, akaniona kwenye kiti kikubwa. Tabasamu likashuka kidogo.

"Mama Godelive! Habari ya siku nyingi?"

"Ziko kwako. Keti."

Akasema yake yote: chuo, karo, vitabu. Carmel alikaa pembeni, macho yanawaka. Alitaka kwenda, niliona. Nikamwacha kocha amalize.

"Mshambuliaji unataka mmoja?"

"Mmoja, Mama."

"Umekula nyumba ngapi?"

Akafuta uso. "Mama, kazi yetu iko hivyo. Unaongea na wengi, unachukua mmoja."

"Ongea na Durban nzima, nani anakukataza? Lakini wale uliowaacha, miguu ilikuuma kurudi kuwaambia?"

"Nilikuwa na shughuli nyingi."

"Shughuli ya kutafuna. Laurette yuko chini ya jengo hili hili, saluni. Shuka, umwambie mbele yetu: nilikuacha, nikajificha, nisamehe. Ukirudi, Julienne atapakua."

Akatazama saa. "Mama, hiyo ni kuniaibisha. Mimi nilikuja kwa Carmel."

"Julienne, mpe maji."

Kwetu, mchumba akipewa maji matupu, amekataliwa. Julienne aliweka gilasi mezani. Omwenga hakujua. Akanywa, akashukuru, akajiweka sawa kwenye kiti, akangoja samaki. Tukamwacha angoje. Nilionja utamu wa kila dakika ile. Mwisho Carmel ndiye alimwambia, huku analia: "Kocha, wamekukataa. Nenda tu."

Timu yake ilishuka daraja, chuo kikamfukuza. Siku nilipopata habari nililala usingizi wa mtoto. Padri akaniambia nisamehe. Nikamwambia, Padri, wewe hukumpikia.

Carmel alikaa mwaka mzima bila shule, ndipo kocha mwingine, mama wa Kizulu, akamchukua kwenda Pietermaritzburg. Alikuja kuniaga, hakukaa.

"Bibi, ulinikawiza mwaka kwa hasira yako."

"Ndiyo, yangu. Na Laurette, nani alimkawiza?"

"Si mimi, Bibi. Mimi si Omwenga."

Nikamfungia samaki wa njiani, akawachukua. Kumsamehe Omwenga, bado.