Alama Nyekundu Mpaka Pasaka

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo mtoto hapaswi kuchoka. Kila asubuhi nilitoka mtaa wetu ulioitwa Kenya kwa miguu, nikavuka reli, nikaingia upande wa mjini ilikokuwa shule ya mapadri. Mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Tangu hapo nimeishi Sakania, Kolwezi, ng'ambo ya mpaka, na katika vyumba vingi ambavyo hata rangi ya milango yake siikumbuki. Njia ile ya shule naikumbuka yote, pamoja na mahali ambapo miguu ilianza kuuma.

Mitihani ya Noeli nilianguka hesabu na jiometri, zote mbili, na vibaya. Padri mkuu wa masomo aliniita ofisini. Sisi tulimwita mupe, kama mapadri wote. Hakugomba. Alikuwa na mafua, akazungumza huku anajifuta pua.

"Uko à l'essai mpaka Pasaka. Unajua maana yake?"

"Ndiyo, mupe."

"Sema."

"Nisipojua hesabu mpaka Pasaka, nitarudi nyumbani."

"Na kurudi hapa tena hapana."

Akanipa kadi ya kijani yenye mistari: siku za juma upande mmoja, masomo upande mwingine. Mwanafunzi asipojua somo, mwalimu aliweka alama nyekundu katika kisanduku cha siku hiyo. Akilijua, kisanduku kiliachwa kitupu. Jumamosi baba alipaswa kuandika jina lake chini, na Jumatatu niirudishe nichukue nyingine.

Mara mbili kwa juma, mchana, sisi watano tulioanguka tulibaki na mzee mmoja wa kitawa, frère mwenye mguu mbovu, atufundishe upya. Wenzetu walituita wagonjwa. Walipita dirishani wakienda kucheza mpira, wakapiga kelele: "Bagonjwa! Munganga amefika? Mumeze dawa yote!" Frère aliwaacha. Alikuwa amegundua ugonjwa wangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimekariri kila kitu, hata herufi. Pembetatu ikiitwa ABC, niliimba uthibitisho wake wote bila kusita. Yeye akafuta herufi ubaoni, akaandika MNP. Nikasimama pale na chaki mkononi kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo asichokijua.

"Haukuelewa hata kidogo," alisema, bila hasira. "Bon. Tunaanza."

Jumamosi ya kwanza nilipeleka kadi nyumbani. Ilikuwa nyekundu kama imemwagiwa mchuzi wa mawese. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, na hakwenda shule. Kuandika jina lake alijifunzia ukubwani. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Alishika kadi kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, na uso wake ukafunguka.

"Mama, kuja uone! Juma muzima, hata siku moja haikupotea!"

Ilinichukua muda kuelewa. Kule karakana kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake. Siku uliyofika kazini, kapita, msimamizi wa kazi, alipiga alama. Siku usiyofika, kisanduku kilibaki kitupu, na kisanduku kitupu kilikuwa aibu. Watu walikificha kwa kidole. Baba alikuwa na miaka mingi ya kadi zilizojaa. Sasa aliona mwanawe naye amejaza ya kwake.

Nilifungua mdomo nimweleze. Mama alikuwa ameshakuja, anafuta mikono, anacheka. Katika mstari wetu wa nyumba hakuna mtoto mwingine aliyekuwa amevuka shule ya msingi. Nikafunga mdomo. Baba aliandika jina lake polepole, ulimi nje kidogo, na siku iliyofuata, kwa kuwa alikuwa na zamu ya Jumapili, aliiomba aende nayo karakana kuwaonyesha wenzake.

Majuma yakaenda. Frère alitukamua. Alibadilisha herufi, akageuza pembetatu kichwa chini, akatuuliza kwa nini, kwa nini, mpaka kichwa kikawa kizito kama ndoo ya maji. Polepole alama nyekundu zikapungua. Kila zilipopungua, nyumbani mambo yakaharibika.

"Siku mbili iko tupu," alisema baba. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shuleni, baba."

"Wee! Shuleni gani? Unaenda kuoga mu mto na wale bajinga benzako."

"Nilikuwa shuleni. Walimu walisahau."

Walisahau. Ndivyo nilivyosema. Juma lililofuata nikasema tena. Ningeweza kumweleza wakati wowote, lakini ningelazimika kuanzia kwenye kadi ile ya kwanza, na kila Jumamosi iliyopita iliifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Nilichoka shuleni kwa kujifunza, nikachoka nyumbani kwa kunyamaza.

Juma la sita kadi yangu ilikuwa na alama moja tu. Frère alinigonga begani kwa kipande chake cha chaki. Nyumbani baba aliitazama kadi ile, akakataa kuandika jina lake, akaitia mfukoni.

Jumatatu tulikuwa katikati ya somo nilipoitwa ofisini. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza ya mupe, amevaa koti la Jumapili, kofia mkononi. Jumatatu, saa za kazi. Mtu ambaye hakuwahi kuacha kisanduku kitupu katika kadi yake alikuwa ameomba ruhusa kwa ajili yangu.

"Mupe, ninaomba masamaha," alikuwa anasema. "Huyu mutoto alianza muzuri, sasa anatoroka. Mumubakishe. Mi mwenyewe nitamunyoosha."

Mupe aliitazama kadi, akamtazama baba, kisha mimi.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote alizoleta," alisema.

Baba alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayedhani anataniwa.

"Hukumweleza?" mupe aliniuliza.

Nilitikisa kichwa.

"Mweleze sasa. Hapa."

Nikaeleza. Nilitazama vifungo vya koti la baba, nikasema kwamba nyekundu ni kosa, na tupu ni vizuri. Nilisema kwa sauti ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Ile ya kwanza yote?"

"Ndiyo, baba."

"Ile nilionyesha bantu mu atelier?"

"Ndiyo."

Akageuza kofia yake. "Karani aliishika," alisema, si kwangu wala kwa mupe. "Ye anajua kusoma. Akasema, iko muzuri, fundi. Akanirudishia."

Mupe alivuta droo, akatoa karatasi ya kanuni. Sauti yake ilikuwa ya uchovu tu. Kwa hesabu angeweza kusubiri mpaka Pasaka, alisema. Lakini mwanafunzi aliye à l'essai akimdanganya mzazi wake juu ya kadi, anaondoka siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyoandikwa.

Nilianza kufikiria vitabu vyangu vilivyobaki darasani, kama nitaruhusiwa kuvichukua.

"Hapana, mupe," alisema baba. "Hakunidanganya. Mi sikumuuliza."

Mupe alimtazama kwa muda mrefu. Baba hakuinamisha macho. Yeye na mimi tulijua kwamba aliniuliza, kila Jumamosi, na nilivyomjibu. Mwishowe mupe alirudisha karatasi ndani ya droo.

"Nenda darasani," aliniambia.

Baba aliondoka bila kunitazama. Jumamosi zilizofuata aliandika jina lake kwenye kadi bila kuitazama pia, tupu au nyekundu, kisha akaisukuma upande wangu wa meza.

Kabla ya Pasaka walitusomea uani majina ya wanaobaki. Kati ya wagonjwa watano, wawili tulibaki, na jina langu lilisomwa la mwisho. Nilikwenda nyumbani polepole, sikukimbia. Baba alikuwa ameketi nje anarekebisha kiatu.

"Wamenibakisha," nilisema.

Aliendelea kupitisha sindano.

"Umeelewa ile mahesabu, ao mupe amekuonea huruma?"

Nilifikiri. Nilitaka safari hii kumjibu vizuri.

"Sijui, baba. Mingine nimeelewa. Mingine sijui."

"Bon," alisema. Akakata uzi kwa meno, akavaa kiatu, akakanyaga chini mara mbili kukijaribu. "Ingia ndani ulale. Unaonekana umechoka."

Ilikuwa mchana kweupe. Niliingia, nikalala mpaka asubuhi, na hakuna aliyeniamsha kula.